Ndoo na Mshumaa ni Ukoo Mmoja

Mwezi uliopita nilipewa fomu ya kuomba kazi ya ualimu katika shule moja ya upili huko Elburgon. Kurasa mbili za kwanza nilizijaza asubuhi moja. Ukurasa wa tatu ulinichukua siku tisa. Ulitaka jina la mtu mmoja, asiwe ndugu yangu, anayenijua vya kutosha kuandika kwa mkono wake kwamba naweza kukabidhiwa darasa. Jina nilikuwa nalo kabla sijafika mwisho wa sentensi. Shida ni kwamba mtu huyo niliwahi kumwacha abebe kosa langu mbele ya shule nzima, na sikuwahi kumwambia.

Tulimwita Madam. Shuleni kwetu hapa Nakuru walikuwapo walimu wa kike saba na wote waliitwa hivyo, lakini ukisema Madam bila kuongeza kitu, hata wapishi walijua ni yule wa kemia. Alizaliwa wapi, wazazi wake walikuwa nani, hayo siyajui. Niliwahi kutaka kumuuliza. Nikaliandika swali kwenye karatasi kwanza ili nione kama lina adabu, na nilipomaliza kulipima kengele ilikuwa imelia. Ninayoyajua ni yale niliyoyaona kwa miaka minne kutoka dawati la pili, upande wa dirisha.

Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa mtu aliyesahau sufuria motoni. Koti lake la maabara lilikuwa na mfuko mmoja tu usiotoboka, na humo alitia chaki, kiberiti, peremende za mnanaa na funguo za kabati la kemikali, hivyo peremende aliyokupa ukijibu vizuri ilikuwa na ladha ya chaki. Alichelewa kila siku. Dakika tano, dakika saba. Akitukuta tumesimama mlangoni alisema, "Kaeni, mnachelewesha somo." Lakini mwanafunzi aliyechelewa baada yake alisimama nyuma mpaka mwisho wa kipindi, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha kwamba tofauti yao ilikuwa dakika moja.

Kipindi cha kwanza cha haidrokaboni hakuandika neno ubaoni. Alipanga vitu mezani: kiberiti cha gesi kile cha kuonyesha ndani, kichupa cha petroli, kingine cha mafuta taa, kopo la mafuta ya mgando, mshumaa, na mwisho kabisa ndoo ya bluu iliyopasuka mdomo. Akarudi nyuma, akakunja mikono.

"Hawa ni watu wa nyumba moja. Nani ataniambia wanafanana wapi?"

Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Madam, hao wote wako kwa duka ya kwetu. Petroli tu ndio inauzwa nje."

Tulicheka mpaka darasa la jirani likagonga ukuta. Madam hakucheka. Alimtupia peremende.

"Umejibu vizuri kuliko unavyojua. Wote wametoka chini ya ardhi, kwa mafuta yale yale meusi. Ndani yao mna kaboni na haidrojeni, basi. Hakuna mwingine. Tofauti ni urefu."

Akaanza na gesi ya kiberiti: kaboni nne zimeshikana, haidrojeni zimezizunguka. Wafupi hivyo hawatulii, alisema, kila mmoja anaruka kivyake, ndiyo maana ni gesi. Petroli, kaboni kama nane, wameanza kulemeana, wanamiminika, lakini ukiacha kifuniko wazi wanatoroka. Mafuta taa, kumi na kitu, wazito kidogo. Mafuta ya mgando na mshumaa, ishirini, thelathini, wananasana kama uzi ulioachiwa paka. Akaibeba ndoo.

"Na huyu?"

"Mia moja?" mtu akajaribu.

"Endelea."

"Elfu moja, Madam?"

"Endelea. Maelfu. Ni mshumaa uliokataa kuacha kurefuka."

Akakata ukanda mwembamba kwenye ndoo, akafungua dirisha, akauwasha pamoja na mshumaa. Vyote viwili vililia matone. Ndoo ikadondosha tone linalowaka lenye ukingo wa samawati, nasi tukaitwa mmoja mmoja tunuse harufu kwa mbali. Ilikuwa harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Nilisimama pale nikahisi kama nimedanganywa maisha yangu yote. Mama yangu aliwasha jiko kwa vipande vya majuala, ile mifuko ya plastiki ya dukani, tangu nikiwa mdogo, nimeona matone hayo mara elfu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mfuko wa sukari unawaka kama mafuta. Jioni hiyo nilimweleza mama kwamba juala ni binamu wa mafuta taa. Aliniangalia, akasema, "Sasa ulifikiri mbona nawashia?"

Madam mwenyewe hakukubali plastiki ichomwe nje ya maabara yake. Ule ukanda ulikuwa wa urefu wa kidole na dirisha lilikuwa wazi, na bado alitufanya turudi nyuma hatua tatu. Alikuwa na mapenzi ya ajabu na plastiki. Aliipiga ndoo kofi la bega kama mtu anayemsalimu mjomba. Majuala yalipopigwa marufuku nchini, aliweka moja la zamani, lenye mistari, ndani ya faili ya mitihani, akawa analitoa kuonyesha madarasa kama watu wanavyoonyesha picha ya harusi. Hapo hapo ndiye aliyekuwa akiinama kila hatua uwanjani kuokota vifuniko vya chupa, akiwalaani walioviangusha. Darasani alisema polithini ni kazi safi kabisa ya akili ya binadamu. Sokoni aliingia na kiondo cha katani na akamgombeza muuza nyanya aliyemfichia kipande cha nailoni chini ya meza. Nilikuwapo siku hiyo, nikajificha nyuma ya magunia ya vitunguu, kwa sababu sikujua kama inafaa mwalimu akuone ukiwa na mama yako mnabishana juu ya kabichi.

Alikuwa na misemo yake. Ukisema "nadhani," alikuuliza, "Nani amekuomba dhana?" Ukisema "nina hakika," alikuuliza, "Umeangalia?" Kwa hiyo hapakuwa na namna ya kuanza sentensi mbele yake, nami niliyezoea kupima kila neno nilikuwa nikifika mwisho wa swali lake mdomo ukiwa wazi bila sauti. Hakunikaripia kwa hilo hata mara moja. Alingoja. Aliweza kungoja mpaka wenzangu wakaanza kuvuta pumzi kwa niaba yangu.

Siku ya kufundisha polima alitutoa uwanjani. Upepo wa Menengai ulikuwa unapeperusha vumbi, sketi zetu tukizishika kwa mkono mmoja. Akatupanga wawili wawili, tukitazamana, tumeshikana mikono yote miwili.

"Kila wawili ni ethilini moja. Gesi. Mna kaboni mbili zilizoshikana mara mbili. Mnaona mlivyo wachoyo? Mmeshikana wenyewe kwa wenyewe, hamna haja na mtu."

Wavulana walikataa kushikana na wasichana. Wasichana walikataa kushikana na mvulana fulani aliyekuwa ametoka kula embe. Madam akasema asiyeshika mkono atakuwa haidrojeni, na haidrojeni zitakaa juani kipindi kizima. Tukashikana.

"Nikipiga filimbi, kila pea iachie mkono mmoja. Mmoja tu! Ule ulio huru umtafute wa jirani."

Filimbi ikalia. Kwa muda ilikuwa fujo, watu wakivutana na kukanyagana, kisha ghafla ukatokea mstari mmoja kutoka goli hadi goli, watu arobaini na kitu, unayumba kwa upepo. Madam alitembea kando yake akitupiga mabega. "Hii ndiyo ndoo. Hii ndiyo juala. Mlikuwa gesi, sasa mmekuwa kitu cha kubebea maji. Na tazameni, kuna mtu bado ameshikana mara mbili? Hakuna. Ndiyo maana plastiki haiozi. Haina mkono wa bure wa kushikwa na mtu mwingine."

Mimi nilikuwa mwisho wa mstari. Mkono wangu wa kulia ulining'inia.

"Madam, mimi niko mwisho. Huu mwingine nimshike nani?"

Mstari mzima ulicheka, kicheko kikasafiri hadi goli la pili. Madam alisimama. Aliniangalia kwa muda kama mtu aliyeona sarafu njiani.

"Hilo swali liko kwa vitabu vya chuo kikuu. Kwa sasa tia mkono mfukoni."

Naeleza hili kwa sababu ya kilichofuata. Swali hilo lilinilevya. Kipindi kilichofuata chote, ubaoni akiandika, mimi nilikuwa nikichora minyororo pambizoni mwa daftari, nikitafuta nini hukaa mwisho wake. Ndicho kipindi alichosema kwamba si kila plastiki ni kaboni na haidrojeni tupu, kwamba baadhi hubeba abiria, na kwamba ile ngumu ya mabomba ya maji imebeba klorini nyingi mno. Wenzangu waliyaandika hayo. Mimi nilikuwa natafuta mkono wa mwisho.

Sasa niseme juu ya soja. Ndivyo tulivyowaita walinzi, na wetu wa getini alikuwa mzee wa makamo kutoka magharibi, ambaye baba yake alifanya kazi reli hapa Nakuru. Alikuwa na rungu, daftari la wageni, na udadisi usioisha. Madam alikuwa na desturi ambayo sijaisikia shule nyingine yoyote. Mada ikiisha, hakutoa mtihani kwanza. Kila mwanafunzi alikwenda getini wakati wa mapumziko akamweleze soja mada hiyo kwa Kiswahili, na soja akielewa alitia alama ya vema kwenye daftari lako, kubwa, na mstari chini yake. Bila alama hiyo Madam hakusahihisha kazi yako.

"Kitu ambacho huwezi kumwambia soja," alisema, "hukijui. Umekariri tu."

Foleni getini ilikuwa ndefu kuliko ya chakula, na soja hakuwa mtu wa kupita kirahisi. "Msichana, sema pole pole, mimi si kompyuta." "Hapana, hiyo umerukia. Rudi pale kwa elektroni." Mvulana mmoja alijaribu kumpa andazi ili amalize haraka. Soja alilila andazi, akamwambia arudi kesho. Watu wazima waliopita barabarani walisimama wakasikiliza. Kuna muuza maziwa aliyekuwa akija kila Alhamisi kwa sababu ya asidi na besi.

Zamu yangu ya polima ilifika asubuhi ya baridi kali. Soja alikuwa ndani ya kibanda chake, amejifunga shali, akijaribu kuwasha jiko dogo kwa makaa yaliyolowa. Nilimweleza kila kitu. Sikusita hata mara moja, na kwa mtu kama mimi hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Gesi ya ethilini, mikono miwili, filimbi, mnyororo. Nikamwambia plastiki ni ndugu wa gesi ya kupikia na mafuta taa, ukoo mmoja, wamerefuka tu.

Soja aliitikia kwa kichwa taratibu. "Kwa hivyo ndio maana inashika moto."

"Ndiyo maana."

"Zote?"

Aliinua kidevu kuelekea ukutani. Mafundi walikuwa wakibadilisha mabomba ya maji ya shule wiki hiyo, na vipande vya kijivu vilirundikwa pale.

"Zote," nikasema.

Alitia alama yake, na mstari chini.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha asubuhi yote. Soja alifunga mlango wa kibanda, akavunjavunja vipande vya bomba, akavitia jikoni achemshe chai. Moshi wake ulimkuta amekaa. Mpishi aliyempelekea maharagwe ndiye aliyemtoa, akikohoa na machozi yakimtiririka, sauti imepotea kabisa. Alipelekwa zahanati. Aliporudi, kwa wiki kadhaa alituamuru kwa filimbi tu, kwa sababu kooni hamkutoka kitu.

Prinsipali alitaka kujua ni mwanafunzi gani aliyemwambia plastiki ni gesi. Soja aliandika kwenye daftari la wageni kwamba watoto ni wengi na hajui nani alisema nini. Basi asubuhi ya Jumatatu, gwaride likiwa limesimama, prinsipali akauliza hadharani. Aliuliza mara mbili. Nilikuwa mstari wa tatu. Nilipanga sentensi kichwani, nikabadilisha neno la kwanza, nikalirudisha, nikaona ni bora nianze na samahani, nikaona samahani inaonekana kama kujitetea. Madam akatoka kwenye safu ya walimu.

"Mimi ndiye niliyeagiza soja afundishwe," alisema. "Somo likikosewa, mwalimu ndiye amekosea. Msiwatafute watoto."

Desturi ya getini iliisha siku hiyo. Muhula ulipokwisha, soja alihamishwa na kampuni yake ya ulinzi. Madam aliendelea kufundisha, alichelewa vile vile, alitutupia peremende vile vile, ila alikuwa akifika dirishani mwa maabara na kutazama geti ambalo halikuwa na foleni, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo chini ya macho yake.

Nilisomea kemia chuo kikuu. Nilikuja kujua nini hukaa mwisho wa mnyororo, na halikuwa jambo kubwa. Mwaka wa pili, mhadhiri alieleza kinachotokea bomba lile la kijivu likichomwa: klorini inatoka ikiwa imeshika haidrojeni, inakutana na unyevu wa pua na koo, inakuwa asidi. Alisema kwa sauti ya kawaida, akafuta ubao. Niliandika, nikapiga mstari, nikatoka nje nikakaa ngazini.

Kwa hiyo siku ya kumi baada ya kupata ile fomu nilipanda kwenda Dundori, alikohamia baada ya kustaafu. Nilikuwa na siku nne kabla ya somo la majaribio ambalo shule ya Elburgon ilitaka nilifundishe mbele ya walimu wake, na mada waliyonipa ilikuwa polima. Nilijiambia njia nzima kwamba nitaomba barua kwanza kisha nikiri, halafu kwamba nitakiri kwanza kisha niombe barua. Nilipoteremka bado nilikuwa sijaamua. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba na magunia ya viazi yamesimama kando ya barabara yakingoja lori.

Nilimkuta ndani ya grinihausi ya nyanya, juu ya kigoda, anaziba karatasi yake ya polithini kwa utepe wa gundi. Nywele zimekuwa nyeupe. Mwendo wa sufuria motoni haujamtoka.

"Wewe wa dirishani," alisema kabla sijamsalimu. "Shika hapa. Usivute. Jua limeikatakata minyororo, ukivuta inapasuka kama biskuti."

Nikashika. Akaniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo, akasema mtu aliyekula hasimami hivyo. Tukatoka, tukanywa chai na viazi vya kuchemsha tukiwa tumekaa kwenye kreti za kuvunia, akanieleza juu ya nyanya, juu ya goti lake, juu ya jirani anayefunika majani ya ng'ombe kwa nailoni na kuitupa mtoni. Nikamweleza juu ya fomu na somo la majaribio la Jumatatu. Alifuta mikono, akaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini, akanirudishia.

"Jumatatu unafundisha nini?"

"Polima."

"Vizuri. Na mbona unaikunjakunja hiyo fomu?"

Nikaanza. Nilisema kwamba kulikuwa na jambo ambalo huenda akalikumbuka au huenda asilikumbuke, kwamba pengine si mahali pake, kwamba nilikuwa mdogo ingawa si mdogo sana.

"Unazunguka," alisema. "Sema."

Nikasema. Yote. Kidevu cha soja, rundo la mabomba, neno moja. Gwaride. Mstari wa tatu.

Alirudi ndani ya grinihausi. Nilimsikia akirarua utepe, kipande, kingine. Nikamfuata mpaka mlangoni.

"Madaftari yenu yalikuwa mezani kwangu," alisema bila kugeuka. "Alama ya soja ya siku ile iko kwa nani, ningetaka kujua ningejua. Sikutaka. Ungefukuzwa, na mtihani wa kitaifa ulikuwa umekaribia. Na mimi nilikuwa nimeipenda sana hiyo desturi yangu. Niliwatuma watoto mwaka baada ya mwaka na sikuwahi kwenda getini kusikia mnamwambia nini huyo mtu."

Nilivuta pumzi ya kwanza kamili tangu asubuhi. "Kwa hivyo umenisamehe, Madam?"

Akageuka.

"Mimi? Mimi sikuvuta ule moshi."

Alingoja kama alivyokuwa akingoja zamani, kisha akauliza, "Umempigia?"

"Sina namba yake."

"Mimi ninayo." Akatoa simu kwenye mfuko wa aproni, akaigusa kwa kidole chenye gundi, akaiweka kwenye spika juu ya kigoda. Nilitaka kumwambia nijiandae kidogo. Simu ilikuwa tayari inalia.

"Madam!" Sauti ilikuwa ya soja, ila kavu, yenye mikwaruzo. Nyuma yake malori yalikuwa yananguruma. Alikuwa analinda yadi ya mizigo huko Mai Mahiu, Madam aliniambia baadaye. "Habari ya juu huko? Viazi je?"

"Viazi viko. Kuna mtu hapa ana neno na wewe."

Nikamwambia jina langu na mwaka wangu.

"Wasichana walikuwa wengi, mama. Nisamehe."

"Mimi ndiye nilikuambia plastiki ni ndugu ya gesi. Ukaniuliza kama ni zote. Nikasema zote. Haikuwa kweli, na nilikaa kimya."

Nilimtazama Madam. Alikuwa ameziba macho kwa kiganja kama mtu anayesikiliza redio.

"Ala," soja alisema. "Kumbe ni wewe ulikosea?"

"Ni mimi."

"Mimi nilifikiri ni mimi sikuelewa. Nilijiambia, soja, hii maneno ya shule si ya kichwa yako, wewe chunga geti. Nikaacha kabisa kuuliza watu maswali." Akakohoa. "Miaka hii yote."

Nilisema pole. Nilisema tena. Katika mambo yote niliyokuwa nimeyapima, hilo halikuwa limenijia hata siku moja.

"Haya, imeisha," alisema. "Sasa niambie ile ya ukweli. Na usiende mbio. Hapa kuna vijana wa kupakua mizigo, baridi imewashika, wamewasha moto na mapaipu saa hii hii, mimi nakaa mbali tu na sijui niwaambie nini."

"Paipu za rangi gani?"

"Zile zile. Kijivu."

Nikamweleza, pole pole. Kwamba juala na ndoo ni kaboni na haidrojeni, ndugu wa mshumaa kweli, na moshi wake bado si wa kuvuta. Kwamba paipu ile ni mnyororo kama wao, ila pale ambapo haidrojeni moja ingekaa ameketi klorini, na moto ukimfukuza anashuka kooni na kuwa asidi. Alinikatiza mara tatu. Mara ya tatu aliniuliza, "Sasa klorini si ndio wanatia kwa maji ya mfereji?" nikasema ndiyo, akauliza tofauti ni nini, na ilibidi nianze upya. Aliniacha nimalize. Kisha akarudia yote kwa maneno yake, na yalikuwa sawa.

"Ngoja hapo," alisema.

Tulimsikia akitembea, changarawe chini ya viatu, kisha sauti yake ile ya mikwaruzo ikapanda. "Nyinyi! Toeni hiyo paipu kwa moto!"

"Mzee, tunaganda hapa!"

"Tafuteni kuni! Hiyo iko na klorini, inakuwa asidi kwa koo. Mimi niliivuta, angalia vile naongea!"

"Nani amesema ni asidi, mzee?"

"Msichana mmoja wa shule! Mara ya kwanza aliniambia uongo, leo amesema ukweli. Zimeni!"

Kukawa na kelele, mtu analalamika, kisha mlio wa maji yanayomwagwa juu ya moto. Soja hakurudi kwenye simu. Tulisikiliza mpaka laini ikakatika yenyewe.

Madam aliichukua simu yake kigodani, akanyoosha goti lake, akatoka nje akaichukua fomu pale nilipoiacha juu ya kreti.

"Umekuja na kalamu?" aliuliza.